Wasomaji wanauliza: Kwani G inaweza kushikana na T?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi niko kidato cha 6, nachukua PCB. Mwalimu wetu wa biolojia anasema kwenye DNA herufi zinazoshikana ni A na T, G na C, basi, ukiandika kingine umekosa. Sasa kaka yangu yuko chuo akaniambia G inaweza kushikana na T, nikamuuliza mwalimu akasema niache kuparamia mambo ya mbele. Nani kaiona hiyo jozi, na kama ni kosa mbona DNA haibomoki? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mdogo wangu, kaka yako hajakudanganya na mwalimu naye hajakudanganya, kwa hiyo kwenye mtihani andika A-T na G-C usijitafutie makubwa. Haya mengine tuongee hapa.

Unajua hizo herufi ni molekuli ndogo, na jozi zake zinashikwa na vifungo vya hidrojeni, A-T viwili, G-C vitatu. Sasa fikiria vifungo vya shati kabisa. Umeamka umechelewa, kifungo umekiingiza tundu la jirani, shati limefungika ila upande mmoja umepanda mwingine umeshuka, na hujui mpaka mtu akustue kwenye daladala. G na T ndo ziko hivyo. Zinapata vifungo 2, sawasawa na A-T, ila T inasogea kidogo kuelekea mfereji mpana wa DNA na G kuelekea mfereji mwembamba. Francis Crick aliuwaza mkao huu mwaka 1966, ila yeye alikuwa anahangaika na RNA, ndugu wa DNA, jinsi tRNA moja (molekuli inayoleta asidi amino) inavyoweza kusoma kodoni (neno la herufi 3) zaidi ya moja.

Kwenye DNA, kundi la Olga Kennard pale Cambridge, Uingereza, liliionyesha mwaka 1985. Si kwa darubini kama ya maabara ya shule, hapana, walichukua kipande kifupi cha DNA kilichotengenezwa na kosa la makusudi ndani yake, wakakiacha kigande kiwe fuwele, wakakipiga eksirei, halafu jinsi miale inavyotawanyika ndo wakapigia hesabu kila atomu imekaa wapi. Wakakuta ngazi ya DNA iko palepale, imejisokota kama kawaida, pale penye kosa molekuli za maji zimekaa zinaziba mapengo. Ndo maana haibomoki. Mwaka uliofuata wakaonyesha na nyingine, A-C, ambayo hapo A inabidi iokote protoni ya ziada ndo ishikike, na G-A, ambayo A ilikuwa imejigeuza upande mwingine kabisa.

Kuna ujanja mwingine zaidi. Mwaka 2015 watu wa Duke, Marekani, kundi la Hashim Al-Hashimi, walitumia NMR, kipimo kinachosoma atomu kwa sumaku, wakaona hiyo G-T haitulii, kwa kitambo kifupi sana, chini ya sehemu ya elfu ya sekunde, inajiweka sawa ikafanana na jozi halali. Yaani kimeng'enya kinachonakili DNA kikikagua kwa umbo, wakati huo kinaona kila kitu kiko vizuri, kinapita. Ndo maana kikiwa peke yake, bila kurudia kusahihisha, kinakosea kama mara 1 kwa kila herufi 100,000, na DNA ya seli moja ya mtu ina jozi zaidi ya bilioni 6, piga hesabu mwenyewe.

Sasa anayekuja kukamata makosa yaliyobaki ni protini ya bakteria inaitwa MutS, na hapa ndo mimi napapenda. Umeshaona fundi baiskeli anavyotafuta spoki iliyolegea? Hasomi kitu, anazibinya mbili mbili kwa vidole, iliyolegea inajisema. Mwaka 2000 makundi mawili, moja Uholanzi moja Marekani, yalitoa picha za MutS ikiwa imeshika DNA yenye kosa: imeikunja kama digrii 60, na asidi amino moja, fenilalanini, imejichomeka kama kabari hapo penye kosa. Jozi halali zimekaza, hazikunjiki kirahisi, penye kosa pamelegea. Halafu inabaki kujua kati ya G na T nani mgeni, maana ukimtoa mwenyeji umeharibu zaidi, na bakteria E. coli anajua kwa sababu uzi wa zamani una alama ndogo za kemikali ziitwazo methili na uzi mpya bado. Paul Modrich alipata Nobeli ya kemia mwaka 2015, pamoja na wenzake wawili, kwa kufumbua huu ukarabati.

SWALI: Mimi ni nesi. Hiyo MutS ina uhusiano wowote na saratani ya utumbo mpana inayotembea kwenye familia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo dada, moja kwa moja. Sisi binadamu tuna protini ndugu zake, MSH2 na MSH6, na MLH1 inayofuatia kwenye kazi hiyohiyo. Mtu akirithi nakala mbovu ya jeni ya mojawapo anakuwa na hali inaitwa Lynch, makosa yanalundikana na saratani inakuja mapema, mara nyingi kabla ya miaka 50, na kwa wanawake mfuko wa uzazi nao uko hatarini. Kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu kuirithi. Kwa hiyo ukikuta mgonjwa kijana ana saratani ya utumbo muulize habari za wazazi, wajomba na mashangazi, uandike kwenye faili, manake wenye Lynch wanatakiwa kupigwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) kila mwaka 1 au 2 bila kungoja dalili.