Kabla hujaandika majina ya wenye vipaji

Mwalimu uliyeripoti kituoni juzi, ipo siku utaambiwa upeleke majina ya watoto wenye vipaji darasani kwako. Usiyaandike papo hapo. Kazi hiyo ina historia, na ni vizuri uijue kabla hujashika kalamu.

Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili huko Paris mwaka 1905, walikuwa wanatafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Marekani kikapewa kazi nyingine. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikirekebisha mwaka 1916, na kuanzia 1921 akakitumia kusaka watoto wenye akili nyingi. Akapata zaidi ya 1,500, karibu wote wa California, na utafiti ukawafuatilia hadi uzeeni.

Angalia alivyowapata. Kupima kila mtoto kulikuwa hakuwezekani, basi walimu wakaombwa wataje mwanafunzi wanayemwona wa kwanza kwa akili, wa pili na wa tatu, pamoja na yule mwenye umri mdogo kuliko wote darasani. Huyo mdogo, aliyetajwa kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa tu, akatokea kufanya vizuri mara nyingi kuliko yule aliyesifiwa na mwalimu. Na si ajabu. Mtoto wa miaka minane anayekwenda sambamba na wa miaka kumi anafanya kazi kubwa kuliko tunavyoiona. Sisi walimu macho yetu humwendea aliyekomaa, mwenye mwandiko safi, anayenyoosha mkono kabla hujamaliza swali.

Kwa hiyo anza na rejista. Katika shule zetu, ambako darasa la nne moja linaweza kuwa na watoto waliopishana hata miaka mitatu, safu ya umri isikupite.

Kipimo nacho hupitwa. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa utotoni katika utafiti huohuo wa Terman, wakaachwa kwa kukosa alama. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956, mwingine 1968.

Kisha kuna wilaya ya Broward, jimbo la Florida, Marekani. Huko mtoto alipimwa iwapo tu mwalimu au mzazi alimpendekeza. Mwaka 2005 wakaanza kuwapitia watoto wote wa darasa la pili, na watoto weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini wakaongezeka sana katika madarasa ya vipaji. Walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyewataja! Bajeti ilipobanwa, mpango ukasitishwa na pengo likarudi.

Hapa Tanzania, shule za sekondari za vipaji kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala huchukua waliong'ara katika mtihani wa darasa la saba. Wewe unakaa na mtoto miaka mingi kabla ya mtihani huo. Mpe yule mdogo aliyenyamaza hesabu ya darasa la mbele yake, kisha mwulize amefikaje kwenye jibu, hata kama amekosea.