Barua kwa mwanangu: kabla hamjalipia safari ya Malindi na Tsavo

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako umefika, na maswali yako matatu nimeyasoma mara mbili: mje Agosti au Desemba, muanze na bahari au na wanyama, na kama kuna haja ya kuwapa wajukuu zangu dawa ya malaria ilhali wewe mwenyewe umekulia papa hapa Malindi bila kidonge. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lisilo na mjadala.

Dawa ni lazima, kwa watoto na kwako pia. Kinga uliyokuwa nayo ulipokuwa ukiumwa na mbu wa hapa mwaka hadi mwaka hupungua mtu akiishi mbali, nawe umekaa London miaka mingi. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga hata kidogo, na malaria humwangusha mtoto haraka kuliko mtu mzima. Mwombe daktari ile dawa ya atovakwoni na proguanili, inayouzwa pia kwa jina la Malarone, kwa sababu ina vidonge vidogo vya watoto na mtaendelea nayo siku 7 tu baada ya kuondoka. Doksisaiklini, dawa nyingine ya kukinga malaria, huko Uingereza hawapewi walio chini ya miaka 12, na huendelea wiki 4 nzima baada ya safari. Kipimo hufuata uzito, si umri: mtoto wa kilo 11 hadi 20 kidonge kimoja cha watoto kwa siku, wa kilo 21 hadi 30 viwili. Kwa hiyo wapime kabla ya kwenda kwa daktari. Muanze siku 2 kabla ya kufika, na kwa safari ya siku 16 hesabu ni siku 25. Kidonge kinywewe pamoja na chakula au maziwa, saa ile ile kila siku. Mtoto akitapika kabla ya saa moja kupita, mrudishie dozi. Ongeza vidonge vichache vya akiba kwa sababu hiyo.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni lile la kuacha vidonge mkifika nyumbani kwa kuwa mbu wameachwa Malindi. Vimelea huweza kuwa bado wamejificha ndani ya ini, na zile siku 7 za mwisho ndizo zinazowamaliza. Tena, mtoto akipata homa wakati wowote kuanzia wiki moja baada ya kufika huku hadi mwaka mzima baada ya kurudi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari neno "Kenya" kabla hajauliza chochote. Usingoje kuona kama ni mafua.

Dawa ya kupaka ya mbu iwe na DEET, asilimia 20 hadi 50. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, yakishakauka ndipo dawa ya mbu ipakwe juu yake. Usimpake mdogo viganjani, maana ataijaza machoni na mdomoni.

Sasa msimu. Ukitaka wanyama pekee ningekuambia Agosti. Tsavo huwa kavu, majani yamepukutika, na wanyama hulazimika kushuka mto Galana kunywa maji, kwa hiyo huonekana bila kutafutwa sana. Lakini Agosti ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Bahari huchafuka, upepo hupiga mchana kutwa, na mwani hulundikana ufuoni hata mahali pa kuweka mguu hapaonekani. Mtoto wa miaka 4 atacheza siku moja, ya pili atagoma. Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshika, bahari imelala, maji ni ya vuguvugu. Tsavo itakuwa kijani baada ya vuli, nyasi zimepanda na wanyama wametawanyika kwa kuwa vidimbwi viko kila mahali. Mtawaona, ila kwa subira. Kwa watoto bahari ndiyo itakayokula siku nyingi, kwa hiyo njooni Desemba. Ubaya wake ni bei na msongamano: wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya vyumba vya Tsavo hujaa mapema sana, hivyo hilo lishughulikie sasa, kabla hata ya ndege. Pasaka usiifikirie, ni masika.

Desemba ina jambo moja ambalo wenye kuuza safari hawalitaji. Mto Sabaki unaoingia baharini kaskazini ya mji ndio Galana ule ule wa Tsavo. Mvua ikinyesha bara hushusha udongo mwekundu, na wakati wa kaskazi mkondo huusukuma kusini, mpaka ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi husukumwa upande wa pili. Basi msishtuke mkikuta maji ya mjini yana rangi ya chai ya maziwa. Siku hizo mnateremka Watamu, kilomita kama 24 kusini, ambako maji kwa kawaida huwa safi.

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza likizo, mwanangu: wanapanga siku kwa orodha ya mahali, hawatazami mwezi. Nawe najua umeanza kusahau. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka karibu saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hugeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, na tofauti ni ndogo.

Ukiwapeleka watoto kuogelea saa nne asubuhi siku ya bamvua, watakuta mchanga mtupu na mwamba umetoka nje. Asubuhi hiyo ndiyo ya kwenda hifadhi ya bahari, Malindi au Watamu. Maji yakipwa, mwamba huzuia mawimbi, ndani panakuwa shwari kama birika, na samaki huonekana kwa mashua yenye sakafu ya kioo hata na mtoto asiyejua kuogelea. Kuogelea kwenyewe siku za bamvua ni baada ya saa tisa, maji yakipanda na jua likipoa. Siku za maji mafu fanyeni kinyume: ufuoni kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha kivulini. Kati ya saa nne na saa tisa jua la hapa si la kuchezea, hata kukiwa na mawingu, na fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu hufaa kuliko mafuta yoyote. Ukisoma jedwali la maji kwenye intaneti, la Mombasa linatosha, ila hakikisha limeandikwa kwa saa za Kenya. Mengine hutumia saa za Greenwich, na kosa la saa tatu hukugeuzia kila kitu.

Mida, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, nayo ina saa zake. Maji yakipwa ndipo kaa na ndege hujaa kwenye tope na watoto hutembea juu ya lile daraja la mbao katikati ya mikoko. Yakijaa ndiyo saa ya mtumbwi. Siku hiyo hiyo mnaweza kupitia magofu ya Gede, ambayo Unesco iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Waambie watoto wasishike ndizi mkononi mbele ya kima wa pale. Kima au mbwa akimparuza au kumuuma mtu, oshea sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali moja kwa moja kwa sindano ya kichaa cha mbwa, hata kidonda kikiwa kama mkwaruzo wa kucha.

Wanunulie viatu vya mpira vya kuingilia baharini, visivyotoka mguuni. Kwenye mwamba kuna wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na mchangani yule samaki aitwaye taa hujizika. Wafundishe kuburuta nyayo wanapotembea majini, kwa sababu taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Mtu akichomwa na taa, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayajaribu maji kwanza kwa mkono wake, kisha mwende hospitali. Makombe na matumbawe hayaokotwi hifadhini, ni marufuku. Jaketi la kuelea la mdogo njoo nalo kutoka huko. Mashuani yapo, lakini ya watu wazima humpanda mtoto hadi masikioni na halimshiki.

Sasa mpangilio, bahari kwanza au wanyama. Bahari kwanza. Watoto watakuwa wametoka kwenye baridi na safari ya ndege ya saa nane na nusu hadi Nairobi, na siku tatu za kwanza mwili unajifunza joto. Kuwafungia ndani ya gari siku hizo ni kuwaonea. Wanyama nawaweka mwisho, kwa sababu ya njia: watu wengi huenda Tsavo kisha hurudi Malindi kwa barabara ile ile, halafu wanapanda ndege tena kwenda Nairobi. Msirudi. Tokeni Malindi alfajiri, mpite Kakoneni na Langobaya hadi lango la Sala, kama kilomita 120. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Fuateni Galana, mlale usiku mbili, mtokee lango la Voi, kisha mpande pale Voi treni ya kwenda Nairobi inayosimama vituo vya kati. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo mtalala usiku mmoja jirani na hapo bila kuingia mjini, na siku ya pili mnaruka. Usiunganishe treni na ndege siku moja hata muda ukionekana kutosha. Mvua ikiharibu barabara ya Sala, mnazunguka kwa Mombasa na barabara kuu hadi Voi, ndiyo maana nataka siku moja iachwe tupu kabla ya Tsavo.

Ndani ya Tsavo usiwape watoto zaidi ya saa tatu garini kwa mkupuo mmoja. Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, mrudi wale, walale, kisha saa kumi hadi jua litue. Mchana katikati hakuna kitu kinachotembea, ni joto na vumbi jekundu, lile lile linalowafanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Kila mtoto na darubini yake, hata kama ni ndogo, la sivyo mtakuwa waamuzi safari nzima. Poti ya mdogo iwe ndani ya gari, kwa kuwa hairuhusiwi kushuka popote isipokuwa mahali palipotengwa. Maporomoko ya Lugard ni mahali mojawapo pa kushuka, na ndipo ninapotaka umshike mkono mdogo bila kuuachia: mawe yamelainika na maji, na mamba wako chini. Kambi nyingi hazina uzio, hivyo omba hema moja la familia, si mahema mawili jirani, na usiku hakuna anayetembea bila askari wa kambi.

Gari liwe na paa linaloinuka na mikanda ya mabegani kwenye viti vya nyuma. Uliza hilo kwa maandishi, uletewe picha. Kiti cha gari cha mtoto njoo nacho, hapa hukipati kwa uhakika.

Malipo ya hifadhi ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, fedha taslimu hazipokelewi langoni, na tiketi huhesabiwa kwa saa 24. Wewe beba kitambulisho chako ulipe kama Mkenya. Watoto wakija na pasipoti za Uingereza kila mmoja anahitaji eTA, idhini ya kuingia nchini inayoombwa mtandaoni, ambayo tangu Januari 2024 imechukua nafasi ya viza. Iombe wiki mbili kabla. Chupa za maji za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020, na mifuko ya plastiki nchini kote tangu 2017, kwa hiyo lete chupa za kujaza.

Kwa tumbo la watoto: pakiti za chumvi za kuhara za Uingereza huchanganywa na mililita 200 za maji, za hapa nyingine ni nusu lita na nyingine lita nzima. Soma pakiti kila mara, maana ikiwa nzito mno humdhuru mtoto. Ukikosa pakiti ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, vijiko vya kusawazisha, si vya kilima.

Lamu iacheni safari hii. Siku hazitoshi, na pia bima yenu hufuata maonyo ya usafiri ya serikali ya Uingereza, ambayo hutenganisha visiwa na bara, ndege na barabara. Kabla ya kulipia chochote kaskazini ya Malindi, soma ramani ya maonyo hayo mstari kwa mstari.

Niletee tarehe za shule zikishatoka, nami nitakuandikia siku za bamvua na maji mafu kwenye kalenda, tugawe bahari na Mida kwa hizo. Nitumie pia uzito wa watoto wote wawili na namba zao za viatu. Tsavo nakuja nanyi, kwa hiyo gari liwe la watu watano na dereva.

Wasalimie wote, na mkwe wangu umfikishie salamu zake.

Wasalaam,
Mamako, Malindi