Kabla hujalaumu waya, ziba dirisha

Nilipoteza karibu wiki tatu na kaglasi kamepakwa zinki oksaidi, kadogo kama kucha, na nikikumbuka sasa najicheka. Asubuhi napima rezistansi yake, yaani vile inazuia stima kupita, napata megaomu 40 hivi, ikifika saa nne inashuka, saa sita iko 3, mimi nashika solda narudia viungo vyote, nikanunua hata multimita ingine pale Luthuli, mtaa wa vifaa vya stima Nairobi, wapi! Mchezo ni ule ule.

Siku moja mwenzangu akatundika koti dirishani juu jua lilikuwa linamchoma shingo, na namba zikaanza kupanda. Polepole lakini, si kama umezima taa. Hapo ndio nikashtuka.

Iko hivi. Kwa giza, oksijeni ya hewani inajibandika kwa oksaidi na inapojibandika inanyakua elektroni, sasa zile zimebaki za kubeba stima ni chache na rezistansi inapanda. Zinki oksaidi ikipigwa na UV, ile miale ya jua macho hayaioni, yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 370 hivi, na ile glasi ya kawaida ya dirisha inapitisha kiasi, ndani kunazaliwa elektroni na shimo, yaani nafasi tupu elektroni imeacha. Shimo linakimbilia juu linameza ile elektroni oksijeni ilikuwa imeshikilia, oksijeni inaachilia inaenda zake, na elektroni ya ndani inabaki bila shimo la kurudia basi inazurura tu. Ndio maana hata ukiziba mwanga hairudi haraka, lazima oksijeni ije ikalie nafasi zake tena, na hiyo inaweza kula masaa.

Kwa hivyo glasi yako ilaze usiku mzima ndani ya sanduku la viatu, mimi langu nililizungushia foili, ndio upime. Andika saa, andika pia kama kulinyesha, mvuke wa maji nao unajibandika.

Wale wa MQ-2, ile sensa ya kunusa gesi jikoni, yenu ni bati oksaidi yenye hita ndani, jua si shida sana, shida ni haraka. Watengenezaji wanasema uipashe zaidi ya masaa 24 kwanza. Mimi niliipa dakika tano nikaweka kiwango cha alamu, halafu nikafungua spiriti ya kusafisha bodi hapo kando, ikalia saa tano usiku mpaka keateka akapanda ngazi na ndoo ya mchanga.