Idadi ya watu darasani: maswali yenu na majibu

Kitabu tunachotumia kina grafu ya watu duniani imepanda kama ukuta, na chini wameandika itaendelea hivyohivyo. Nifundishe kama ilivyo?

Grafu haina shida mwalimu, shida ni hayo maneno ya chini. Tulifika bilioni 1 kwenye 1804 hivi, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 3 mwaka 1960, halafu ikawa kila baada ya miaka kumi na kitu inaongezeka bilioni nyingine mpaka Novemba 2022 tukagonga 8. Sasa wape wanafunzi wachore grafu ya pili, ya asilimia ya ongezeko kwa mwaka: miaka ya 1960 ilipita 2, leo iko chini ya 1. Hapo watabishana kweli, moja inapanda nyingine inashuka na zote ziko sahihi, na ukinyamaza kidogo wenyewe wataanza kuulizana.

Ndo hapo sasa. Kasi inashuka vipi na watu bado wanaongezeka?

Piga hesabu ubaoni tu. Asilimia 2 ya bilioni 3 ni milioni 60. Asilimia 0.9 ya bilioni 8 ni milioni 72. Umeona? Kasi imepungua zaidi ya nusu na bado wanaoongezeka ni wengi kuliko mwanzo, kwa sababu hiyo asilimia inakatwa kwenye fungu kubwa zaidi. Halafu kuna suala la umri, ambalo walimu wengi tunaliruka: hata kila mama akizaa wawili tu kuanzia kesho, wale wasichana waliozaliwa wakati uzazi uko juu bado wanaingia umri wa kuzaa, wako wengi kuliko wazee wanaofariki, kwa hiyo idadi itapanda miaka mingi tu kabla ya kutulia.

Kwa hiyo watu walianza kuzaa sana ndo tukajaa?

Hapana, na hili kosa naliona kila mahali. Kuzaa sana kulikuwepo toka enzi, ila karibu nusu ya watoto walikuwa hawafiki utu uzima. Vikaja maji safi, chanjo, antibayotiki na chakula cha uhakika, vifo vikashuka, uzazi ukachelewa kufuata. Ila umefuata: wastani wa dunia ulikuwa kama watoto 5 kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1960, sasa ni 2 na kidogo.

Mfano wa bakteria kwenye sahani ya maabara unafaa?

Kuonyesha kitu kinavyojizidisha mara mbili mbili, sawa. Kwa binadamu unakwama haraka, bakteria haendi shule wala hatumii uzazi wa mpango.

Kwa nini wanasema ili idadi ya watu itulie kila mwanamke azae wastani wa watoto 2.1 na siyo 2?

Wavulana wanazaliwa wengi kidogo, kama 105 kwa kila wasichana 100, na wasichana wengine wanafariki kabla ya kufika umri wa kuzaa. Penye vifo vingi vya watoto inabidi namba iwe juu zaidi ya hapo.

Mwanafunzi kaniuliza dunia itajaa lini, nikakosa jibu.

Mwambie makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanaweka kilele kwenye bilioni 10.3 hivi, miaka ya 2080, kisha inaanza kushuka taratibu. Na sisitiza ni makadirio, watu wakizaa zaidi au pungufu ya walivyodhani kilele kinasogea, mpe akokotoe mwenyewe kwa kasi tofauti aone.