Kisu cha babu wa keya ni chuma gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu mzaa baba alikua askari wa keya (KAR, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki), akarudi toka vitani Burma na kisu cha kukunja ambacho sasa kiko kwangu. Mpini mweusi una vijimraba, kuna opena ya kopo na sindano nene mgongoni, pameandikwa Sheffield na 1943 na kialama cha mshale. Juzi nimemenyea embe kikageuka rangi, kijivu cha bluu hivi. Jirani anasema sio stenlesi maana sumaku inakishika, kweli? Nakipeleka kwenye grainda kesho king'arishwe.
Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba mwanangu, kwanza kesho usiende!

Jirani kapatia jibu ila njia sio. Sumaku inashika hata stenlesi ya visu, isiyoshikwa ni ile ya masufuria mengi mazuri yenye nikeli, kwa hiyo sumaku hapo haikwambii kitu. Kilichokwambia ni embe. Stenlesi ina kromiamu nyingi, kama asilimia 13 hivi kwa visu vya zamani, na tindikali ya embe haiigusi kirahisi, lakini chuma cha kaboni kinageuka rangi haraka. Stenlesi ilikuepo, mtaalamu wa chuma Harry Brearley aliitoa hukohuko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, ila visu vya jeshi la Uingereza vya wakati wa vita vilikua vya kaboni. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali yao, ndo maana nakiamini.

Ukitaka uhakika dondoshea tone la ndimu karibu na mgongo, subiri dakika 10, pakiwa kijivu basi ni kaboni. Osha, kausha vizuri.

Grainda ndo naomba sana usiguse. Fundi atakwambia anasoma cheche kujua aina ya chuma, na kweli kaboni inatoa cheche nyingi zenye matawi kama nyota, stenlesi chache tu na fupi, ila ili uzione lazima chuma kiliwe. Mi niliunguza kisu cha marehemu baba hivyohivyo, ncha ikawa bluu kama shingo ya njiwa, tangu siku hiyo hakishiki makali hata ukinoe asubuhi mpaka jioni na bado inaniuma.

Ule ukijivu wa embe uache, sio kutu, tena unakinga kidogo. Kutu ni ile nyekundu, hiyo futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, tone lingine kwenye bawaba, na unolee kwenye jiwe lenye maji. Ile 1943 usiipitishie msasa kabisa, mwaka huohuo hadi 1944 ndo vijana wetu walikua wanapelekwa upande wa Asia, na 1944 wakapita bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua na tope.