Nafanya kazi nje, familia iko nyumbani: kodi ni ya nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka jana mwezi wa nne nilipata kazi nchi nyingine. Mke wangu na watoto wamebaki kwenye nyumba yetu, nami hurudi likizo. Huku mwajiri ananikata kodi kila mwezi. Sasa mamlaka ya kodi ya nyumbani imeniandikia nijaze ritani, ile fomu ya kutangaza mapato yangu yote. Si nimeshalipa? Tena nyumbani sikufikisha siku 183. – Msomaji, ughaibuni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo barua ijibu kabla tarehe waliyokupa haijapita, hata kama mwishowe itaonekana hudaiwi kitu. Katika nchi nyingi faini ya kuchelewesha ritani humpata hata asiyedaiwa kodi.

Kodi ya mapato huuliza mambo mawili: pesa imepatikana wapi, na aliyeipata ni mkazi wa wapi. Huko uliko wanakukata kwa sababu kazi umeifanyia kwao. Nchi inayokuhesabu mkazi, kwa kawaida, hutazama mapato yako ya dunia nzima: mshahara, pango la nyumba unayopangisha, riba ya benki. Asiye mkazi huguswa kwa kile tu alichokipata ndani ya nchi hiyo. Na ukazi huu usiuchanganye na uraia. Zipo nchi chache, Marekani na Eritrea zikiwemo, zinazomfuata raia wao popote alipo. Kwingineko pasipoti pekee haitoshi kukufanya mdaiwa.

Sasa hizo siku 183. Kuzifikisha ukiwa nchini ndani ya mwaka, kwingi, kunakufanya mkazi. Kutozifikisha hakukuvui ukazi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kenya na Tanzania, kwa mfano, mwenye makao ya kudumu nchini ni mkazi akiwapo hata sehemu tu ya mwaka. Asiye na makao hayo, nchi hizi humpimia pia siku alizokuwapo kwa miaka mitatu kwa pamoja: wastani ukizidi siku 122 kwa mwaka, ni mkazi. Wewe una nyumba, mke na watoto wamo, na likizo unalala humo.

Hata kuhesabu kwenyewe kuna mtego. Niliwahi kukaa na mteja usiku kucha, pasipoti iko wazi chini ya taa, tunasoma mihuri iliyofifia kwa penseli mkononi. Yeye alikuwa na 179, akihesabu siku kamili tu. Sheria iliyomhusu ilihesabu pia siku ya kuingia na ya kutoka. Tukapata 187. Uingereza kwa kawaida huhesabu siku ambayo saa sita usiku ilikukuta nchini, Marekani huhesabu hata sehemu ya siku. Soma sheria kwanza, ndipo ushike penseli.

Huenda nchi zote mbili zikakuita mkazi. Kama zina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili, hutazamwa kwanza makao ya kudumu yako wapi. Chumba cha kupanga nacho chaweza kuhesabiwa. Ukiwa nayo kote, huangaliwa familia yako na mali yako vimeelemea wapi. Kisha unakokaa zaidi, kisha uraia. Kwa maelezo yako, naona mizani inalalia nyumbani.

Usiogope, kuwa mkazi si lazima ulipe mara mbili. Njia iliyozoeleka ni kukupunguzia kodi ya nyumbani kwa kiasi ulicholipa nje. Tuseme kwa kila 100 ulikatwa 20 huko, na nyumbani wanadai 30: unaongeza 10. Ungekatwa 30 huko na nyumbani wanadai 20, huongezi kitu, lakini ile 10 iliyozidi kwa kawaida hurudishiwi.

Bila ushahidi hawatakupunguzia hata senti. Wiki hii mwombe mwajiri hati ya mwaka mzima inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, na upige picha kila ukurasa wa pasipoti wenye muhuri, kabla wino haujafutika.