Maswali na Majibu: Wota Pampu Mpya, na Lori Bado Linachemsha

SWALI: Lori langu la zamani, dizeli ya silinda 6, lilikuwa likichemsha mlimani nikiwa na mzigo. Nimefunga wota pampu mpya. Imekaa vizuri na haivuji, ila joto limezidi. Muuzaji anasema pampu za injini hii zote ni sawa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Injini moja huweza kutengenezwa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo kiwanda hubadili puli, mkanda na hata upande pampu inakozunguka, huku matundu ya bolti yakibaki yaleyale. Kwa hiyo pampu kuingia kwenye bloku hakuthibitishi chochote.

Ifungue, uiweke mezani pamoja na ile ya zamani. Anza na impela, yaani gurudumu la ndani lenye mapanga yanayosukuma maji: linganisha kipenyo, idadi ya mapanga, kimo chake na upande yanakopindia. Mapanga yaliyopinda huelekeza ncha zake nyuma, kinyume cha upande yanakozunguka. Tazama basi mkanda wako unavyopita. Unaogusa puli kwa mgongo wake huizungusha pampu kinyume na ule unaoikumbatia kwa upande wa ndani. Pampu iliyotengenezewa upande mwingine bado husukuma maji, lakini kidogo. Gari tupu kwenye tambarare halitaonyesha tatizo; mlimani ndiko linakojitokeza.

Kisha pima kutoka uso wa pampu unaokaa kwenye gasketi hadi ncha ya mapanga. Impela ikikaa mbali na ukuta inaoutazama, maji huzunguka palepale badala ya kusukumwa. Nafasi hiyo kwa kawaida ni ndogo, karibu milimita 1 au pungufu, na kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha injini yako. Kuijua ni rahisi: bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya mapanga, funga pampu na gasketi yake bila kuizungusha, ifungue, upime unene uliobaki. Safisha udongo wote kabla ya kufunga moja kwa moja.

Tukiulizwa impela ya kuchagua kwa lori la kazi, tunasema ya chuma cha kumimina. Ya bati huliwa na kutu haraka pale ambapo watu hutumia maji matupu, na ya plastiki ikilegea kwenye shafti, shafti huzunguka peke yake huku nje kila kitu kikionekana kizima. Na usifunge puli ndogo ukidhani utaongeza mzunguko wa maji. Pampu ikizidishwa kasi, maji hufanya mapovu upande wa kuvuta, mapanga hulika, na maji yanayosukumwa hupungua.

Kabla ya kununua nyingine, pima joto la mpira wa juu na wa chini wa rejeta lori likiwa limetoka kupanda. Kwenye injini nyingi tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi ni ya kawaida. Tofauti kubwa zaidi ya hapo maana yake maji yanapita polepole: pampu, themostati (vali inayofunguka maji yakipata joto), mirija ya rejeta iliyoziba, au mpira wa chini unaonyonywa ukabonyea injini ikipandishwa kasi (angalia kama springi ya ndani bado ipo). Tofauti ndogo huku geji iko juu, tazama hewa: mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na mafuta, au feni.

SWALI: Fundi anataka kutoa themostati iwe nafuu. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Kwenye injini nyingi themostati ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato maji yakishapata joto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Mlimani utachemsha zaidi, na kwenye mteremko injini itapoa kupita kiasi, silinda zilike na dizeli iishe bure. Ijaribu: ining'inize ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82 na kuwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka.

SWALI: Kava la feni lilivunjika, nikalitupa. Lina umuhimu?

JIBU: Sana. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni na kuacha sehemu kubwa ya rejeta. Tengeneza jingine la bati linalofunika uso wote wa rejeta. Kwa feni inayovuta, mapanga yaingie nusu hadi theluthi mbili ndani ya duara la kava, na ncha zibaki na nafasi isiyozidi sentimita 2.5. Usiibane mno, kwa sababu injini hucheza kwenye mipira yake na rejeta haichezi nayo.

SWALI: Maji yanadondoka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu. Nizibe?

JIBU: Kamwe. Kitundu hicho kimewekwa ili sili ikichoka, maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Ukikiziba, beringi itakufa, shafti itayumba, na feni iliyofungwa juu yake itachana rejeta. Badilisha pampu. Ukishafunga mpya, bonyeza mkanda katikati ya sehemu yake ndefu kwa kidole gumba: kama kitabu hakisemi vingine, ubonyee milimita 10 hadi 12. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huua beringi mpya.